Mwacheni achezee kifuniko, mtazameni macho

Katika madarasa mengi ya Mwanza, mkono unaochezea kitu huhesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Mtoto anazungusha kifuniko cha kalamu, anakunja na kukunjua pembe ya daftari, anapitisha kidole kwenye ufa wa dawati. Mwalimu anaona, anakatiza somo, ananyang'anya. Mara nyingine hufuata kofi, au amri ya kusimama hadi kipindi kiishe. Swali ambalo lingepaswa kutangulia haliulizwi: mtoto huyo alikuwa akifuata somo, au hakuwa akifuata?

Mimi niko upande wa mtoto, ila kwa masharti. Pale Makoroboi wapo wanaouza vidude vya kuchezea mkononi kwa maneno ya kuponya wasiwasi, na wazazi wanatoa fedha kwa matumaini ambayo kidude hicho hakiwezi kuyabeba. Mwalimu anayenyang'anya na muuzaji anayeahidi kuponya wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wanatazama kilichomo mkononi. Mimi nasema tutazame macho.

Vidude vyenyewe wengi wanavijua. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani iitwayo Antsy Labs ilichangisha kwenye intaneti zaidi ya dola milioni 6 kwa ajili ya mchemraba mdogo wenye vitufe, swichi na gurudumu kwenye pande zake. Walikuwa wameomba dola 15,000 tu. Mwaka uliofuata ikaja spina, ile yenye mbawa tatu inayozunguka kwa beringi. Ilienea kwa kasi hivi kwamba shule nyingi za Marekani na Uingereza ziliipiga marufuku kabla mwaka 2017 haujafika katikati, na mwaka huohuo forodha ya Ujerumani ilizuia tani 35 za spina zisizo salama kwenye uwanja wa ndege wa Frankfurt. Mwaka 2021 ikawa zamu ya popiti, kibao cha silikoni chenye viputo vya kubonyeza, ambacho wazo lake lilitoka kwa wabunifu wa Israeli, Theo Coster na mkewe Ora, tangu mwaka 1975. Zote hizo zimefika kwetu, zikatandazwa juu ya turubai katikati ya soksi na chaja za simu.

Shule zilizopiga marufuku spina hazikukosea kuhusu spina. Kosa lilikuja baadaye, pale watu walipohitimisha kwamba mkono unaotafuta cha kushika ni upuuzi uliozuka mwaka 2017 na utapita na mwaka wake.

Nenda Igombe au Kayenze wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, hivyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika na wavuvi hukaa kivulini wakishona nyavu. Kaa nao. Sindano inaingia na kutoka, fundo linakazwa, kidole gumba kinapima jicho la wavu, na muda wote huo mazungumzo yanaendelea: bei ya mafuta, deni la injini, nani kaoa wapi. Mshonaji mzoefu haangalii wavu wakati wote. Anakuangalia wewe. Akiwa na jambo zito la kusema, msiba au ugomvi wa urithi, hulisema sindano ikiwa mkononi, na nina hakika wengi wao wasingelisema kama mikono ingekuwa mitupu. Wanawake wanaochambua dagaa juu ya turubai ndivyo walivyo pia. Vidole vinatenga, vinatupa, vinarudi, na hadithi haikatiki.

Angalia benchi la zahanati yoyote. Bibi ameshika rozari, na mzee wa pembeni yake anavuta tasbihi. Tasbihi ina shanga 33 au 99, rozari ya kawaida ina 59, na zote zinafanya kazi ileile: hesabu inakaa vidoleni ili fikra zibaki na sala. Siwezi kuiweka ibada kwenye kapu moja na midoli ya silikoni, na sitaki nieleweke hivyo. Ninachosema ni kwamba waliozitengeneza walijua vizuri jinsi kidole chenye kazi ndogo kinavyouacha moyo utulie mahali pamoja. Hata kwenye isolo, bao la Wasukuma, mchezaji aliyebanwa hutikisa kete kiganjani akiwaza, na hakuna mzee aliyewahi kumwambia aache kuchezachezea kete ndiyo afikiri.

Halafu kuna hofu ambayo watu wa ziwa hili wanaijua kuliko wengi: kuketi ndani ya chombo katikati ya maji na huna la kufanya. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, na makaburi ya Igoma yapo hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kufika Ukara, wakafa watu 228. Mwenye ndugu aliyefia katika ajali hizo hapandi kivuko kama mtu mwingine. Mtazame mikono chombo kinapoachia gati. Anasokota ncha ya kanga, anaikaza, anaiachia, anaisokota tena. Ukimwambia atulie, unamwongezea mateso.

Kinachotokea mwilini mwake kinajulikana. Hofu ikiingia, mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Adrenalini inamwagika, moyo unadunda, pumzi zinafupika, damu inaelekea kwenye misuli mikubwa. Lakini abiria hana pa kukimbilia wala wa kupigana naye. Maandalizi yote hayo yanabaki mwilini bila kazi, nayo yanajitafutia njia ya kutokea: mguu unatikisika, taya zinakazwa, kucha zinaliwa. Mwanafunzi aliyeketi kwenye chumba cha mtihani yuko katika hali hiyohiyo, na hata mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe.

Kutotulia kwa mtoto katikati ya somo refu la mchana mara nyingi hutoka upande mwingine kabisa. Hapo mwili haujapandwa na hofu, umepoa mno. Tangu Robert Yerkes na John Dodson walipochapisha majaribio yao ya panya mwaka 1908, wanasaikolojia wamekuwa wakifanya kazi na wazo kwamba kujifunza kunahitaji msisimko wa kiasi: ukizidi sana akili inatawanyika, ukipungua sana akili inasinzia. Joto, njaa, sauti moja isiyobadilika, dawati la watatu. Mtoto anaanza kuchezesha mguu, na mguu huo unamzuia asilale. Kwa nje mtoto mwenye hofu na mtoto aliyepoa wanafanana, wote mikono haitulii. Ndiyo maana nauogopa ushauri wa jumla unaowahusu wote wawili.

Utafiti nao hauko upande mmoja, na hapa ndipo pa kukaa zaidi.

Mwaka 2009 Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alieleza jaribio alilowafanyia watu 40. Walisikilizishwa ujumbe wa simu wa dakika mbili na nusu, wa kuchosha, kuhusu nani atakuja kwenye sherehe na nani hatakuja. Nusu yao walipewa karatasi yenye maumbo wayapake kivuli kwa penseli huku wakisikiliza. Baadaye wakaulizwa kwa kushtukizwa majina na mahali palipotajwa. Waliokuwa wakipaka walikumbuka zaidi kwa asilimia 29. Mwaka 2015 Julie Schweitzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakatoa matokeo ya jaribio lao kwa watoto na vijana wa miaka 10 hadi 17, waliofungwa kifundoni kifaa cha kupima mwendo wakati wakifanya zoezi la umakini. Kwa wenye tatizo la kutotulia na kukosa uzingativu, lile ambalo madaktari hulifupisha kwa herufi ADHD, majibu sahihi yaliambatana na mwendo mkali zaidi kuliko majibu ya makosa. Kwa wasio na tatizo hilo halikuonekana jambo la namna hiyo. Hilo halithibitishi kwamba mwendo ndio ulioleta jibu sahihi. Linatosha, hata hivyo, kumfanya mwalimu ajiulize mara mbili kabla ya kumwamuru mtoto wa aina hiyo akae kama sanamu.

Geuza upande wa pili sasa. Paulo Graziano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida waliwapa spina watoto wadogo 60 wenye tatizo hilohilo la kutotulia, wengi wao wa umri wa karibu miaka mitano. Mwanzoni watoto walipunguza kuzurura darasani, jambo ambalo lingemfurahisha mwalimu yeyote. Lakini uzingativu wao ulishuka, na haukupanda hata walipoizoea spina. Mwaka 2020 Julia Soares na Benjamin Storm wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, wakachapisha matokeo ya watu wazima waliotazama mhadhara wa video spina ikiwa mkononi. Walikumbuka pungufu kuliko wenzao waliokaa mikono mitupu, hata wale waliokuja wakiamini kwamba spina ingewasaidia.

Kwa hiyo mkono wenye kazi umesaidia mahali pamoja na kuharibu mahali pengine. Wengine wanaona huo ni mkanganyiko. Mimi naona tofauti iko wazi. Watu wa Andrade walitumia macho kupaka kivuli, lakini ujumbe ulikuwa unapitia masikioni, macho hayakuwa na kazi nyingine. Spina inazunguka na kung'aa na kumwita mwenyewe aitazame, wakati mhadhara unapita kwenye macho hayohayo. Wavu wa mvuvi hauyaiti macho. Shanga ya tasbihi haiyaiti. Kinachofaa ni kile kisichoziba njia ambayo kazi yenyewe inapitia, na darasani njia hizo ni macho na masikio kwa pamoja. Popiti inayopasuka pwa, pwa katika darasa la watoto mia inaziba masikio ya jirani hata kama haizibi ya mwenyewe. Kifuniko cha kalamu kinachozunguka kimyakimya chini ya dawati hakizibi chochote.

Kuhusu wasiwasi wenyewe, ushahidi ni mchache kuliko maneno ya wauzaji, lakini upo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa karibu 400 waliofanyiwa upasuaji wa vena za miguu zilizovimba wakiwa hawajalazwa usingizi. Wengine walisikiliza muziki, wengine walitazama filamu, wengine walipewa vijipira laini vya kuminya, na wengine walikaa na muuguzi aliyezungumza nao muda wote. Waliominya vijipira walikuwa na wasiwasi pungufu kwa asilimia 18 kuliko waliotibiwa bila chochote. Waliozungumza na muuguzi, pungufu kwa asilimia 30. Muziki haukubadilisha kitu.

Nawaomba wauguzi na wakunga wetu wazitazame namba hizo mbili. Kijipira kinasaidia. Binadamu anayezungumza nawe anasaidia zaidi. Mjamzito anayesubiri chumba cha upasuaji pale Bugando, au kijana aliyeletwa kushonwa baada ya ajali ya bodaboda, hakosi kijipira kwa sababu ya umaskini wa nchi. Anaweza kuminya kitambaa kilichokunjwa. Anachokikosa mara nyingi ni mtu wa kumwambia, "Mama, sasa utasikia baridi kidogo, nipo hapa." Najua wodi zinavyozidiwa. Hata hivyo maneno hayo yanasemwa huku mkono ukiendelea kufanya kazi yake, na ushahidi unasema yana nguvu.

Upo pia ushahidi kwamba kidude si lazima kabisa. Nathan Azrin na Gregory Nunn walieleza mwaka 1973 njia ya kumsaidia mtu anayeng'ata kucha au kung'oa nywele zake: atambue hamu inapokuja, kisha aupe mkono kazi nyingine isiyoweza kufanyika pamoja na ile, kama kufumba ngumi kwa muda. Nusu karne baadaye, mwaka 2023, Steffen Moritz na wenzake wa hospitali ya chuo kikuu ya Hamburg walichapisha jaribio la watu 268 wa aina hiyo. Waliofundishwa kusugua ncha za vidole vyao polepole, au kujipapasa kiganja kila hamu ilipowajia, waliona nafuu baada ya wiki sita kwa zaidi ya nusu yao. Kwa waliokuwa wakisubiri bila kufundishwa, ni mmoja katika watano. Hakuna aliyenunua chochote. Mzazi mwenye mtoto ambaye kucha zake zimeisha mpaka nyama anaweza kuanza leo jioni.

Wapo watakaonijibu kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Watasema mtoto akiachiwa achezee kifuniko leo, kesho atachezea simu, na keshokutwa hatasikia la mtu. Naiheshimu hofu hiyo, maana nidhamu ndiyo inayoliendesha darasa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja mbele ya watoto mia hana namna ya kufuatilia mkono wa kila mmoja. Lakini hiyohiyo ndiyo hoja yangu. Kama hawezi kufuatilia mikono mia, kwa nini autumie muda wake mchache kuiwinda? Jicho linaloelekea ubaoni linaonekana haraka zaidi kuliko kidole kilicho chini ya dawati. Na kama ni adhabu, kanuni za viboko za mwaka 1979 zilizorekebishwa mwaka 2002 zimempa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa mazito, viboko visivyozidi vinne, tena viandikwe kwenye kitabu. Kuzungusha kifuniko si kosa zito kwa kipimo chochote. Kofi linalotolewa palepale halimo kabisa. Tena linamfanyia mtoto mwenye hofu kile hasa kinachoiwasha hofu yake.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Mkono usiotulia ni malalamiko ya mwili, na kidude kinaweza kuyanyamazisha kabla hatujayasikiliza. Mtoto huyu amekunywa uji asubuhi? Anauona ubao kutoka pale alipokaa? Kuanzia Ukerewe hadi Sengerema, kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kawaida wa watoto wanaoogelea na kuteka maji ziwani. Unaleta upungufu wa damu na uchovu, na mtoto mchovu haonekani mchovu kila wakati, mara nyingine anaonekana mkorofi. Yupo mwingine ambaye nyumbani kuna vipigo, au mlevi, au mjomba ambaye mtoto hataki kubaki naye. Ukimpa huyo popiti ukaridhika kwamba ametulia, umemfungia mdomo. Kwa hiyo kabla ya kutoa kitu cha kushika, mtu mzima anayeaminika amwite kando na kumwuliza taratibu, na awe tayari kusubiri jibu.

Kuna pia wasiwasi ambao ni ugonjwa kamili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba ni kama mmoja tu kati ya wanne anayepata tiba. Tiba hizo zipo na zinafanya kazi: mazungumzo ya kitaalamu yanayomfundisha mtu kuikabili hofu hatua kwa hatua, na dawa pale zinapohitajika. Mtu ambaye kwa miezi halali vizuri, anakwepa watu, moyo unamwenda mbio bila sababu inayoonekana, ameacha shule au kazi kwa hofu, huyo hahitaji kijipira. Aende hospitali. Bugando ina kitengo cha afya ya akili, na kupanda kile kilima kwa ajili ya wasiwasi kusiwe aibu kuliko kukipanda kwa ajili ya shinikizo la damu. Muuzaji anayemwambia mama wa mtoto mwenye usonji kwamba kidude hiki "kinatibu" anamchelewesha mama huyo, na ucheleweshaji wa namna hiyo una gharama.

Usalama nao uzingatiwe. Spina zenye taa hubeba betri bapa ndogo kama kitufe. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, kwa hiyo akimbizwe hospitali bila kusubiri dalili. Vidude vyenye sumaku ndogo ni hatari vilevile: sumaku mbili zikimezwa zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Na wanaotaka kutumia mbegu za porini badala ya plastiki waziache zile nyekundu zenye doa jeusi, zinazopendwa kwa kutungia shanga. Zina sumu kali zikitafunwa, na mtoto mwenye wasiwasi hutafuna kila kilicho mkononi.

Kidude kinachotumika zaidi Mwanza kwa kutuliza mkono, na kibaya kuliko vyote, ni simu. Panda daladala ya Buhongwa kwenda Igoma jioni uone. Kidole gumba kinasukuma kioo juu, juu, juu, bila mwenyewe kutafuta chochote. Mkono umepata kazi, ni kweli, lakini macho yamechukuliwa, masikio yamechukuliwa, na kila kidole kinaposukuma kuna habari mpya ya kuongeza hofu: ajali, deni, picha ya harusi ya mwenzako. Mvuvi anayeshona wavu anainua uso ukimsalimia. Mwenye simu haoni hata kituo chake. Na sisi wazazi tunamkabidhi mtoto wa miaka mitatu kifaa hichohicho kwenye foleni ya kliniki ili atulie, kisha miaka saba baadaye tunamlalamikia mwalimu kwamba mtoto haelewi somo. Kwenye foleni ile mpe mtoto kipande cha kanga akifunge mafundo na kuyafungua. Mpe kokoto tatu, mfundishe mdako. Atapiga kelele kidogo, watu watamvumilia.

Darasani jambo hili halihitaji bajeti. Kinachofaa kisitoe sauti, kisimeremete, kisiwe na sehemu ndogo ya kumeza, kikae mkononi chini ya dawati na kisirushwe. Fundo la kitambaa linatosha. Kamba fupi ya katani iliyosukwa inatosha, na watoto wa mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia, wanajua kuisuka wenyewe. Mtoto anayehitaji mwendo mkubwa kuliko huo apewe kazi ya mwili: afute ubao, agawe madaftari, akamwite mwalimu wa jirani, kisha arudi akae. Wenzake wataona wivu siku za mwanzo na kila mmoja atataka fundo lake. Wapeni, baada ya muda wasiolihitaji watalisahau kwenye begi.

Ningependa kuona shule chache za Ilemela na Nyamagana zikilijaribu mapema mwakani, kabla hofu ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba haijapanda. Mwalimu wa darasa achague watoto wanne au watano wasiotulia, azungumze na kila mmoja na mzazi wake kwanza, awape kitu cha kushika, na kwa muhula mmoja aandike jambo moja tu kila kipindi: macho yao yalikuwa wapi, na walipoulizwa swali walijibu nini. Aandike pia yule ambaye fundo halikumsaidia kitu, maana huyo ndiye wa kupelekwa kupimwa macho, damu na kichocho, na wa kutembelewa nyumbani.